Ujamaa na Ubepari: Kanisa Linauliza Mali ni kwa Ajili ya Nani



Wapendwa waamini, katika kikao cha jumuiya ndogo ndogo nilichohudhuria hivi karibuni, palizuka mabishano kati ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyeanza kazi miaka ya Azimio la Arusha, na kijana anayeuza vifaa vya ujenzi. Mzee alisikitika kwamba siku hizi kila kitu kinauzwa, hata matibabu ya mgonjwa. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba wazazi wake walimsimulia jinsi walivyopanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni. Kisha wote wawili wakanigeukia: “Baba Padre, Kanisa liko upande gani?” Swali hilo linastahili jibu la utulivu, kwa maana linagusa maisha ya kila nyumba.

Mifumo miwili, maswali yale yale

Kila mfumo wa uchumi hauna budi kujibu maswali matatu: nani amiliki ardhi, viwanda na mitaji, nani aamue kitakachozalishwa, na matunda ya kazi yagawanywe kwa namna gani.

Ubepari hujibu kwamba watu binafsi ndio wamiliki, soko liamue kwa njia ya bei, na mwenye mtaji abaki na faida baada ya kulipa gharama na mishahara. Nguvu ya mfumo huu ni kwamba unaamsha bidii na ubunifu. Bei ya mahindi ikipanda, mkulima hasubiri barua ya wizara ili apanue shamba lake. Udhaifu wake ni kwamba soko husikia sauti ya mwenye fedha tu. Mgonjwa fukara anaihitaji dawa kuliko mtu yeyote, lakini sokoni hahesabiwi. Zaidi ya hayo, kazi ya binadamu huweza kugeuzwa bidhaa kama bidhaa nyingine.

Usoshalisti hujibu kwamba njia kuu za uchumi zimilikiwe na jamii, mara nyingi kwa mkono wa dola, na uzalishaji ufuate mpango wa taifa. Uzuri wake ni kukataa kwamba mtu aachwe nyuma kwa sababu tu hana mtaji. Udhaifu wake ni kwamba mali ya wote huishia kuonekana si ya mtu, na ofisa anayepanga akikosea, hukosea kwa niaba ya nchi nzima.

Hapa yatupasa kutofautisha. Usoshalisti wa Karl Marx huitazama historia kama mapambano ya matabaka na hauachi nafasi kwa Mungu. Ujamaa wa Mwalimu Julius Nyerere, alioueleza katika andiko lake la mwaka 1962, ulichukua mfano wake katika familia ya Kiafrika, na Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye bidii ya Misa. Kwa hiyo si haki kumhukumu Mwalimu kwa maneno yanayomhusu Marx. Hata hivyo, heshima yetu kwa huyu Mtumishi wa Mungu haituondolei wajibu wa kuyapima matunda ya siasa yake.

Nchi iliyoishi katika mifumo yote miwili

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mara benki na makampuni makubwa yakataifishwa. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha. Matunda mema yalionekana: mamilioni ya watu wazima walifundishwa kusoma na kuandika, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza rasmi.

Lakini ujamaa vijijini, ulioanza kama wito wa hiari, uligeuka amri. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, kwingine kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, vikiwemo vile ambavyo wakulima walivijenga wenyewe tangu enzi za ukoloni, kama KNCU ya Kilimanjaro iliyoanzishwa mwaka 1933. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ukame, kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliongeza mzigo, na bidhaa zikaadimika madukani.

Mwaka 1986 serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na taratibu soko likafunguliwa. Maduka yalijaa tena. Hata hivyo, mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa, watumishi wengi wakapoteza ajira, na wagonjwa wakatakiwa kuchangia gharama hospitalini. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko ya uongozi ya Azimio ililegezwa. Kwa hiyo mzee na kijana wetu walisema kweli wote wawili, kila mmoja akilikumbuka jeraha lake.

Mafundisho Jamii ya Kanisa

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alikataa pendekezo la kuondoa umiliki binafsi, akieleza kwamba lingemdhuru kwanza mfanyakazi, ambaye hangeweza tena kuweka akiba ya mshahara wake na kununua shamba. Lakini katika waraka huo huo alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali ujira duni kwa kulazimishwa na njaa ameonewa, hata kama alitia sahihi.

Mwaka 1931 Papa Pio XI alifafanua kanuni auni: chombo cha juu kisinyang'anye kazi ambayo chombo cha chini kinaweza kuifanya, bali kikisaidie. Kwa mwanga huo tunaona kosa la kuvunja ushirika wa wakulima. Mnamo Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio, Papa Paulo VI alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali haikosi mipaka, kwa kuwa Mungu aliumba vitu vyote kwa ajili ya wote. Naye Papa Yohane Paulo II, mwaka 1991, baada ya kuanguka kwa Ukuta wa Berlin, aliukubali uchumi wa soko na wa ujasiriamali, ila akaukataa ubepari ambao uhuru wake haufungwi na sheria wala kuwekwa katika huduma ya utu wa binadamu.

Mafundisho haya si mfumo wa tatu wa uchumi. Ni kipimo cha kila mfumo. Hata Wakristo wa kwanza katika Matendo ya Mitume walishirikiana mali zao, lakini Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake na hakuna aliyemlazimisha kuliuza. Ushirika wao ulitoka moyoni, na umiliki wao ulimjua jirani.

Kipimo kianze nyumbani

Kikao kilipokwisha, mlinzi wa parokia alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini kama mafundisho hayo yanauhusu pia mshahara wake. Kesho yake nilifungua daftari la malipo, nikaona aibu. Kiasi kile kilikuwa hakijaguswa kwa miaka mingi. Alikipokea kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, nasi tukahesabu kwamba ameridhika. Halmashauri ya parokia imekwisha kurekebisha malipo yake, na malimbikizo yatafuata.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, kabla hatujaulizana ni mfumo upi ulio bora, tujiulize: dada wa kazi nyumbani kwangu analipwa nini, na hupumzika lini? Michango ya hifadhi ya jamii ninayowakata watumishi wangu, je, inafika? Mizani ninayopimia mazao ya mkulima ni ya haki? Na ninyi mliopewa dhamana ya mali ya umma au ya ushirika, je, mnaitunza kama mali ya ndugu zenu? Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Mungu. Hatuambii kwamba Mungu atauliza kwanza kama tuliishi chini ya ujamaa au ubepari.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.