Mwanao akifuga mijusi, mlinde mtoto mchanga

Na Daktari Wetu, Sotik

MAMA mmoja alifika katika kliniki yangu hapa Sotik asubuhi na mapema, akiwa amembeba binti yake wa miezi 7. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku tatu, mwili ulikuwa moto na utosi ulikuwa umebonyea. "Daktari, nilidhani ni meno," mama akaniambia.

Meno hayaleti homa kali wala kinyesi chenye damu. Tulianza kumrudishia mtoto maji mwilini, nami nikaagiza kinyesi chake kipimwe. Siku chache baadaye maabara ilileta jibu: bakteria aina ya salmonela.

Nilimhoji mama kuhusu maji, maziwa, mayai na kuku. Sikupata la kutilia shaka. Ndipo kaka ya mtoto, mvulana wa miaka 11 aliyekuwa amekaa kimya pembeni, aliponiuliza, "Daktari, ni mijusi wangu?"

Kijana huyu alikuwa ameokota mayai mawili madogo meupe nyuma ya kabati. Yalipoanguliwa, aliwaweka mijusi hao wachanga katika tangi kuukuu la samaki. Chini alitandaza kokoto, juu yake udongo, kisha akapanda vimea alivyong'oa kando ya mto. Alikuwa ameona mambo hayo kwenye simu. Kila jioni aliosha kisahani chao cha maji katika beseni ileile ambamo kikombe cha mtoto kilioshewa.

Mijusi hao sikuwapima, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba wao ndio chanzo. Lakini njia ilikuwa wazi, na ni vyema kila mzazi aifahamu.

Hana sumu, ila ana vijidudu

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mjusi kafiri ana sumu, na kwamba akitumbukia katika maziwa ataua jamaa nzima. Msomaji mpenzi, mjusi huyu hana sumu yoyote. Hatari yake ni nyingine. Mijusi, nyoka na kobe wengi hubeba salmonela matumboni bila kuugua. Mnyama anaweza kuwa mnene na mchangamfu, kumbe kinyesi chake kina vijidudu. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa vile watoto walikuwa wakiwashika, hata kuwatia mdomoni, kisha wakaugua.

Kizimba chenye mimea hupendeza, lakini hakiondoi hatari hiyo. Kinyesi huchanganyika na udongo, majani na maji, na huwezi kuvichemsha wala kuvitia dawa bila kuua mimea. Kwa hiyo hesabu kwamba kila kitu kilichomo ndani kina vijidudu, hata kama hakinuki.

Mtoto mchanga halazimiki kumgusa mjusi ndipo augue. Mkono wa kaka yake, nguo au beseni vyatosha. Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6: kuharisha, homa na maumivu ya tumbo. Mtu mzima mwenye afya aghalabu hupona kwa siku 4 hadi 7. Kwa mtoto mchanga, mzee, au mtu ambaye kinga yake ni dhaifu, bakteria hao waweza kuingia katika damu, hata kufikia utando wa ubongo.

Mjusi mchanga naye ana mahitaji

Mvulana yule alinieleza pia kwamba mjusi mmoja alikuwa amelegea miguu. Nilimweleza kwamba mjusi anayekua anahitaji madini ya kalsiamu na vitamini D, kama mtoto wa binadamu. Akikosa, mifupa hulainika, sawa na matege. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini hiyo. Na ukiliweka tangi nje juani, joto litamwua mjusi kwa muda mfupi.

Baridi nayo ni adui. Mjusi hupata joto lake kutoka mahali alipo, na usiku wa Julai katika nyanda hizi za majani chai si mchezo. Akipoa mno, hawezi kusaga chakula tumboni. Isitoshe, anahitaji wadudu wadogo walio hai, wasiopuliziwa dawa, matone ya maji majanini na mahali pa kujificha. Ukimkamata kwa nguvu, hukata mkia wake akakimbia.

Sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kufuga mnyamapori nchini Kenya kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Jirani zetu wa Tanzania wameona madhara ya tamaa ya kufuga. Kuna mjusi mdogo wa rangi ya buluu anayeishi katika msitu wa Kimboza, Morogoro. Alinaswa kwa wingi kuuzwa ng'ambo hadi akawa hatarini kabisa kutoweka, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaonaswa porini imepigwa marufuku.

La kufanya nyumbani

Ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka 5 nyumbani, usiweke mjusi wala kobe ndani. Aliyemshika mjusi anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Vyombo vya mnyama visioshewe jikoni. Funika chakula na maziwa, kwani mijusi wa ukutani nao hudondosha kinyesi: kipande cheusi chenye ncha nyeupe. Kifute, kisha osha mahali hapo kwa sabuni.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS kama pakiti inavyoagiza, endelea kumnyonyesha, na mpe zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo atakachokupa mhudumu wa afya. Usinunue antibiotiki dukani kwa kubahatisha. Ukiona damu katika kinyesi, utosi uliobonyea, homa kali, au mtoto asiyeweza kunyonya, kimbia hospitali. Mweleze daktari kama kuna mjusi au kobe nyumbani, kwa maana huenda asikuulize.

Binti yule alipona. Kaka yake nilimwambia kwamba hakufanya kosa la kupenda viumbe. Alikosa tu mtu wa kumfundisha kunawa. Aliwaachilia mijusi wake ukutani, nyuma ya nyumba, akapanda maua ya kutambaa karibu na taa ya baraza. Mama yake anasema kila usiku hukaa pale na daftari, akihesabu wadudu wanaoliwa. Hicho ndicho kizimba ninachowapendekezea wasomaji: hakina kioo, hakihitaji kibali, na beseni la mtoto liko mbali.