Baada ya Siku ya 60: Ufuatiliaji wa Muda Mrefu wa Watoto Wenye Ugonjwa wa Ghafla wa Mielini, kwa Kurejelea Kinanira, Bujumbura

Burundi, kama nchi nyingine za Afrika, ina utaratibu wa kumtafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea viungo ghafla. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya polio. Sampuli mbili za choo huchukuliwa kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Na mtoto ambaye sampuli zake hazikutosheleza hukaguliwa tena siku ya 60 ili ijulikane kama ulemavu umebaki. Thamani yake ilionekana Machi 2023, Burundi ilipotangaza mlipuko wa polio itokanayo na virusi vya chanjo, baada ya virusi hivyo kupatikana kwa mtoto wa miaka minne wa wilaya ya Isare ambaye hakuwa amechanjwa, na pia katika maji taka. Hata hivyo, jibu la maabara likiwa si polio, kazi ya utaratibu huo kwa mtoto husika imekwisha. Makala hii inawahusu baadhi ya watoto hao.

Mielini ni utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano. Kinga ya mwili inapoushambulia ghafla, mara nyingi baada ya maambukizi ya kawaida, dalili hutegemea mahali palipoguswa. Uti wa mgongo ukiguswa, miguu hulegea na mkojo huziba. Neva ya jicho ikiguswa, uoni hufifia kwa siku chache. Ubongo ukiguswa mahali pengi, mtoto huchanganyikiwa au hulala mno. Hali hiyo, yaani ensefalomielitisi ya ghafla iliyosambaa, huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 5 na 8. Katika ukanda wa malaria, mtoto wa namna hiyo hudhaniwa kwanza kuwa na malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, na ni haki adhaniwe hivyo, kwani magonjwa hayo huua kwa saa chache. Kasoro huja pale dhana ya kwanza inapobaki kuwa ya mwisho.

Wengi hupata nafuu, hasa wakipewa steroidi mapema. Nafuu hiyo ndiyo inayopotosha. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vilivyorekebishwa mwaka 2013, dalili mpya zinazojitokeza miezi 3 au zaidi baada ya shambulio la kwanza huhesabiwa kuwa shambulio jingine. Maana yake ni kwamba swali muhimu kuliko yote, kama ugonjwa ni wa mara moja au wa kurudia, huanza kujibika siku ya 90, na ukaguzi wa polio husimama siku ya 60. Nchini Kanada, watoto 302 waliopata shambulio la kwanza walifuatiliwa kuanzia mwaka 2004. 63 kati yao walithibitika kuwa na sklerosisi anuwai, ijulikanayo kwa kifupi MS. Kiwango hicho hakifai kuhamishiwa Bujumbura kama kilivyo, kwa kuwa MS huwa nadra zaidi karibu na ikweta. Lakini magonjwa mengine yanayorudia, yale yenye kingamwili dhidi ya MOG au akwaporini-4, hayana budi kutafutwa. Hilo la pili laweza kupofusha kwa mashambulio machache tu.

Kwa familia ya Kinanira, kusini mwa jiji, ufuatiliaji una sura ya kawaida sana: kuvuka Bujumbura hadi hospitali ya chuo kikuu iliyoko Kamenge, kaskazini, pamoja na mtoto anayeonekana amepona. Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 hayalipiwi. Ugonjwa huu hupenda umri unaofuata. Mtoto wa mtumishi wa serikali hulindwa kwa sehemu na Mutuelle de la Fonction Publique. Wa mchuuzi jirani yake hutegemea kadi ya msaada wa matibabu au mfuko wa mzazi. Si ajabu basi kwamba hudhurio la tatu ndilo linaloachwa.

Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba sehemu kubwa ya ufuatiliaji haihitaji MRI. Chati ya macho, kila jicho peke yake, pamoja na kitu chekundu cha kulinganisha rangi, hubaini kasoro ambayo mtoto hailalamikii. Swali kuhusu mkojo huokoa figo, maana kibofu kisichomwagika vizuri huziharibu taratibu bila maumivu. Mwalimu naye, katika miaka 9 ya elimu ya msingi, huona kabla ya daktari uchovu, usahaulifu na uandishi uliozorota. Watoto hao huitwa wavivu.

Kwa washauri wa sera, hatua iliyo karibu ni kuongeza safu moja katika fomu iliyopo: mtoto aliyepooza bila polio, na anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa mielini, aandikiwe tarehe ya siku ya 90, ya mwezi wa 12, kisha ya kila mwaka. Afisa anayeijua nyumba yake tayari anayo anwani. Gharama ya MRI na vipimo vya kingamwili ibaki kwa wale ambao ukaguzi wa kituo cha afya umeonyesha dalili mpya, na msamaha wa ada uambatane na ugonjwa badala ya kukoma siku mtoto anapotimiza miaka mitano.