Karani kaondoka, haki zake zimebaki kwenye kompyuta

KUMWONDOA karani kwenye orodha ya mishahara ni kazi ya siku moja. Kumwondoa kwenye kanzidata ya kampuni kunaweza kuchukua muda zaidi, kwani programu nyingine hukataa kufuta jina la mtu ambaye bado ana haki ya kusoma au kubadili majedwali ya mauzo na wateja. Msimamizi akiona hivyo huliacha jina lilivyo.

Wawekezaji wadogo wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Desemba 10, 2021, mfanyakazi wa zamani wa Cash App Investing, tawi la biashara ya hisa la kampuni ya Block ya Marekani, alipakua ripoti ambazo aliruhusiwa kuziona alipokuwa kazini. Aprili 2022 Block ilitangaza kuwa itawaarifu wateja wapatao milioni 8.2, wa sasa na wa zamani. Ripoti hizo zilikuwa na majina na namba za akaunti za hisa na, kwa baadhi yao, thamani ya hisa zao.

Katika PostgreSQL, kanzidata inayotumiwa bila malipo, kule kukataa ni kinga. Jedwali alilounda karani huhesabiwa kuwa mali yake, na mali haiwezi kubaki bila mwenyewe. Kwanza azuiwe kuingia. Kama tayari yumo, akatwe, maana zuio halimgusi aliyekwisha kuingia. Kisha mali yake akabidhiwe mwingine kwa amri ya REASSIGN OWNED, ndipo DROP OWNED ifute haki zilizosalia. Ole wake anayetanguliza DROP OWNED: majedwali yenyewe hufutika, pamoja na mauzo ya mwaka mzima. Amri hizo hurudiwa katika kila kanzidata aliyokuwa na haki. Hapo ndipo wengi husahau, wakashangaa DROP ROLE, amri ya kufuta jina, inaendelea kugoma.

MySQL ni nyepesi zaidi: DROP USER hufuta jina na haki zake kwa mkupuo. Hata hivyo, aliyekwisha kuingia huendelea na shughuli zake mpaka atoke au akatwe.

Kwa duka ambalo makarani wote hutumia jina moja, hakuna la kufuta. Hubadilishwa neno la siri, siku ileile karani anapokabidhi funguo.