Safari ya Sikukuu Huhesabiwa Kuanzia Kizingitini

Ifikapo nusu ya mwezi wa Desemba, mkazi wa Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, apitaye jioni katika mitaa iliyo nyuma ya kilima cha Wazo huona viroba vya mchele vikishonwa midomo barazani, na watoto wakijaribishwa viatu vipya ambavyo hawataruhusiwa kuvivaa mpaka Krismasi, akatambua pasipo kuuliza kuwa majirani zake watokao Rombo, Machame na Kibosho, huko Kilimanjaro, wanajiandaa kwenda kula sikukuu kwao. Ndipo huanza mjadala ule ule wa kila mwaka, ambao aghalabu humalizika kwa kutajwa chombo chenye mbio kuliko vyote. Nami, kwa idhini ya wasomaji, nasema kwamba mbio za chombo ni hesabu ya mwisho, wala si ya kwanza.

Wazee wa pwani waliosafiri kwa majahazi hawakuuliza chombo kipi chenda kasi, bali waliuliza huu ni msimu gani. Kwani kaskazi, ianzayo kuvuma kwenye Desemba, ndiyo iliyowaleta wageni kutoka Arabuni, na kusi ndiyo iliyowarudisha kwao. Sisi tusiongojea pepo tumesahau ile adabu ya kuuliza kwanza: ni nani asafiriye, amechukua nini, naye aondokea wapi?

Chukua mfano wa treni ya umeme, ambayo ni fahari ya nchi kwa haki yake. Tangu Julai 2024 imekuwa ikiwapeleka abiria hadi Dodoma kwa mwendo uwezao kufika kilomita 160 kwa saa, na safari iliyokuwa ikila mchana kutwa ndani ya basi sasa huisha kwa saa tatu na ushei au nne, kwa nauli ya daraja la kawaida ambayo ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Kwa mtu wa Kariakoo au wa Temeke hapana la kubishana. Lakini mtu wa Madale, kabla hajaiona stesheni iliyo katikati ya jiji, hana budi kuteremka Tegeta, kisha kuifuata Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge na Morocco, katika foleni isiyomjua mwenye haraka wala asiye nayo. Mimi nimewahi kutoka nyumbani alasiri, tiketi ya jioni imo mfukoni, nikafika mlango umekwisha kufungwa. Wala sina wa kumlaumu ila nafsi yangu, niliyeihesabu safari kuanzia stesheni badala ya kuihesabu kuanzia kizingiti changu. Tena waendao Moshi reli hiyo haiwahusu: kwao iko treni ya zamani, ya reli ya mita moja, iliyorudi mwaka 2019 baada ya kusimama takriban robo karne, ambayo haiendi kila siku, na ikienda hulala njiani, pole pole kupitia Korogwe na Same. Asiye na haraka, apendaye mazungumzo, hataijutia.

Kinyume chake, kituo cha mabasi cha Magufuli, kilichozinduliwa Februari 2021 pale Mbezi ili kushika nafasi ya Ubungo, ni jirani yetu hasa, maadamu barabara itokayo Wazo hupita Madale na Goba ikatokea huko huko, na kukicha alfajiri bajaji yenye viroba viwili na mama mwenye mtoto mgongoni hufika bila mashaka makubwa. Basi, fauka ya hayo, halina ukali wa masharti ya mizigo kama treni au ndege. Taabu yake ni msimu wenyewe: abiria hufurika, nauli hupandishwa kimyakimya juu ya kikomo kilichowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na mabasi ya njia nyingine hupewa vibali vya muda ili kupunguza msongamano, jambo jema, ila humletea abiria dereva ambaye huenda hazijui kona za njia hiyo. Kata tiketi dirishani mapema, si mkononi mwa mpiga debe. Na ukipanda basi la usiku, ambalo liliruhusiwa tena mwaka 2023, uliza kama wako madereva wawili.

Mwenye gari lake ana bahati ya jiografia, kwa kuwa kutoka Madale aweza kwenda Bunju, Bagamoyo na kutokea Msata, akaepukana na Kibaha na Chalinze. Na mbele ya Msata daraja jipya la Wami, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeondoa ile kero ya daraja la zamani lililopisha magari upande mmoja baada ya mwingine. Ila dereva huyo ndiye pia baba wa nyumba, aliyefanya kazi mpaka jana jioni, ilhali mbele yake ziko kilomita zaidi ya 500.

Ndege sitaisema sana: ni saa moja tu angani hadi uwanja wa Kilimanjaro, lakini familia ya watu sita hulipa nauli sita. Na waendao Unguja kwa boti, safari ya takriban saa mbili, wakumbuke kuwa Krismasi daima huangukia kaskazi, ilhali Idi, kwa mwezi mwandamo, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hata kuna miaka iangukiayo kusi yenyewe, ambapo bahari huchafuka na wasiozoea hutapika njia nzima.

Nasi mwaka huu, kwa kuwa tuko wanne, na bibi hawezi kupanda ngazi ndefu, na viroba ni vitatu, nimekwisha kukata tiketi za basi pale Mbezi, za siku nne kabla ya Krismasi.