Safari Isiyo ya Msiba Wala Harusi

Mtu wa Shinyanga akifunga begi, jirani humuuliza kuna nini huko aendako. Kwetu safari ina sababu zinazoeleweka: msiba, harusi, mgonjwa, mnada wa ng'ombe, mtoto anayepelekwa bweni, au habari kwamba mahali fulani dhahabu imetoka. Hii ya mwisho imehamisha watu kuliko zote. Taarifa ikifika Kahama jioni kwamba huko porini wamepiga jiwe zuri, alfajiri pikipiki zinakimbizana, na wiki haiishi kabla hayajaota maturubai, magenge ya mama lishe, karasha na vibanda vya kutolea pesa kwa simu. Lakini kufunga safari ili ukakae tu, uangalie maji, ule, ulale, kisha urudi, ni jambo ambalo wengi wetu tunazeeka bila kulifanya. Na si kwamba sote tumekosa fedha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mtumishi wa umma ana utaratibu wa kulipiwa nauli ya likizo, lakini nauli hiyo ni ya kwenda kwao. Mwalimu wa Msalala akifika kwao anakuta majaruba ya mpunga yanamngoja, ukuta unaotaka lipu, na kikao cha ukoo kilichoahirishwa mpaka aje yeye. Anarudi darasani amechoka kuliko alivyoondoka. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu mkoani Geita hana hata hizo siku 28. Yeye hupumzika duara, yaani shimo la kuchimbia, likijaa maji, pampu ikifa, au mwili ukikataa.

Au akipata. Nawafahamu waliouza dhahabu ya mamilioni wakaenda Katoro, wakakaa huko katikati ya muziki na watu wasiowajua, wakarudi duarani na madeni. Siwalaumu. Mtu aliyeshinda miezi akishuka chini kwa kamba, akipita kati ya matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, akivuta vumbi la mawe linaloharibu mapafu, mwili wake unadai kitu. Mji wa dhahabu humpa bia, chumba na kelele, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa pale. Utulivu haupo sokoni.

Ila upo ndani ya mkoa huohuo wa Geita, ng'ambo ya maji, kwenye kona ya kusini magharibi ya Ziwa Victoria. Kisiwa cha Rubondo pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Hifadhi nzima ina takriban kilomita za mraba 457, na zaidi kidogo ya nusu yake ni nchi kavu. Zilizobaki ni maji. Sehemu kubwa ya nchi kavu hiyo imefunikwa na msitu mnene unaoshuka mpaka ufukweni. Kuna fukwe za mchanga, kuna nyumba za kulala wageni za hifadhi pale Kageye, na kuna kambi ya kifahari kwa wenye uwezo. Kwa maneno mengine, tuna kisiwa chetu cha mapumziko. Kijana wa Geita anaijua Nungwi na Kendwa kwa picha za kwenye simu, anaota kupeleka fungate Unguja, na ni ndoto nzuri, lakini umuulize Rubondo iko wapi atakwambia ni huko kwa Wazungu.

Hilo ndilo lililonifanya nimchukue mama yangu mzazi twende. Mama amezaliwa na kukulia Shinyanga, na safari zake zote ndefu alizifanya akiwa amebeba sanda, mahari au mgonjwa. Nilipomweleza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani anaumwa huko?" La pili lilikuwa zito zaidi: "Tunavuka maji?"

Kanda ya Ziwa haiwezi kuzungumza habari ya kuvuka maji kwa wepesi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, wengi wao wakitoka gulioni. Miji mingi ya kanda hii ilizika watu wa ajali hizo mbili. Anayeandika matangazo ya utalii wa ziwani bila kulijua hili hatuandikii sisi. Mtu wa hapa hashawishiwi na picha ya boti inayokata mawimbi; anataka kujua boti inabeba wangapi, nani nahodha, na jaketi za kujiokolea ziko wapi. Nilijibu maswali hayo yote kabla mama hajakubali.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko zamani. Ukitoka Shinyanga unapanda kwa barabara ya Mwanza mpaka Usagara, unakata kushoto kwenda Kigongo, na pale ambapo magari yalikuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko sasa unapita juu ya daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kisha Sengerema, kisha Geita. Kutoka Geita kuna njia mbili. Unaweza kushuka Nkome na kukaa kwenye boti muda mrefu, au uendelee mpaka Muganza wilayani Chato, uteremke mwalo wa Kasenda, ambako kisiwa kiko karibu na boti hutumia kama nusu saa. Kwa mwenye hofu ya maji ninapendekeza Kasenda bila kusita. Mama alivaa jaketi lake tukiwa bado nchi kavu, na hakulivua mpaka miguu yake ilipokanyaga mchanga wa upande wa pili.

Askari wa hifadhi aliyetupokea alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Nadhani salamu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote. Mama alikuwa amejiandaa kuwa mgeni, akakuta yuko kwao.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni ugumu wa kupumzika. Alfajiri nilimkuta nje ya nyumba akitafuta ufagio. Majani yalikuwa yameanguka mlangoni, na mwanamke aliyefagia uwanja kila alfajiri tangu utotoni hawezi kuyapita. "Yaache, mama," askari akamwambia, "hayo ni ya msitu." Akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Siku hiyo nzima aliniuliza tunaondoka saa ngapi. Nimewaza sana juu ya hilo. Tunazungumzia mapumziko kama vile ni kitu ambacho mtu akipata nauli na chumba basi amekipata. Kwa watu waliofanya kazi tangu wana miaka sita ni jambo la kujifunza, na somo lake la kwanza linauma, kwa sababu mikono ikiwa mitupu ndipo uchovu wa miaka unapojitokeza. Mama alilala mchana kwa mara ya kwanza bila kuwa mgonjwa, akaamka na aibu.

Siku iliyofuata tulitembea msituni tukiongozwa na askari mwenye bunduki. Rubondo haina simba wala chui, lakini ina tembo, viboko na mamba, kwa hiyo hutembei peke yako. Tuliona nzohe, swala wa majimaji mwenye kwato ndefu zilizotanuka, ambaye ni vigumu kumpata katika hifadhi nyingine za nchi hii. Tuliona twiga, na kila mtu anayesikia kuna twiga kisiwani huuliza waliogelea. Hawakuogelea. Waliletwa, sawa na tembo na mbega. Hata sokwe wa Rubondo waliletwa: kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alileta kundi la sokwe wasiozidi ishirini, wengi wao wakiwa wametoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walisafirishwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, wakaletwa ziwani, wakafunguliwa. Wanyama waliokuwa wamezoea vizimba na kulishwa kwa mkono walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota juu ya miti, wakazaa, na wajukuu wao leo wanaishi bila kulishwa na mtu. Faru nao waliletwa. Ujangili ukawamaliza.

Tukumbuke pia waliotolewa. Wazinza waliokuwa wakivua na kulima humo walihamishwa katika miaka ya 1960, kisiwa kikaachiwa wanyama. Wazawa wa pwani za Chato na Geita wanakiona kila siku kutoka mialoni kwao, na maji yanayokizunguka hawaruhusiwi kuyavua. Uko uhalali katika katazo hilo, kwa maana sato na sangara huzaliana katika ghuba hizo na baadaye hutoka kuja kwenye nyavu za watu. Lakini jamii iliyotoa ardhi yake ili kisiwa kiwe mahali pa kupumzikia inastahili kuwa ya kwanza kukaribishwa kupumzika hapo. Naliamini hili kwa moyo wote.

Katikati ya msitu mbung'o walitushambulia, na hapo mama akaanza kusimulia. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya mtaalamu wa mbung'o C.F.M. Swynnerton, iliwaita watu wa Usukumani kwa wingi kufyeka vichaka vya Shinyanga ili kumnyima mdudu huyo makazi. Babu yake alikuwa mmoja wa waliobeba panga. Mbung'o akapungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaja, kuni zikakatwa, na mama mwenyewe akakua katika nchi ya vumbi ambako kufuata kuni ilikuwa safari ya kutwa. Ilihitajika programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, iliyoanza mwaka 1986, kuwarudisha watu kwenye desturi yao ya ngitili, ya kutenga malisho na miti mpaka kiangazi kikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejea. Mama alishiriki, na kijijini kwao ngitili bado ipo. Sasa alisimama chini ya mti ambao watu watatu hawaumalizi kwa mikono, akatazama juu, akasema Rubondo ni ngitili ambayo Mungu ameizungushia maji badala ya miiba. Tangu hapo hakuuliza tena tunaondoka saa ngapi. Alianza kumuuliza askari majina ya miti, na mara mbili alimsahihisha kuhusu dawa zake.

Sitaki kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Rubondo si mahali pa kuogelea. Mamba wapo kweli, na maji ya ziwa hili yana kichocho. Mbung'o wanauma kupita shati. Mtandao wa simu unakuja na kupotea, na kwa mfanyabiashara wa dhahabu anayefuata bei kila saa hiyo ni adhabu. Hakuna muziki. Usiku viboko hupanda kula majani karibu na nyumba, na ukilazimika kutoka unamwita askari. Na gharama kubwa haipo pale watu wanapodhani. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Kinachouma ni boti, kwa kuwa hukodiwa nzima, muwe wawili au mjae.

Hapo ndipo naona kosa la namna tunavyouza vivutio vyetu. Filamu ya kutangaza utalii ya Royal Tour ya mwaka 2022 ililenga watu wa nje, na ilikuwa na haki yake, nchi inahitaji fedha za kigeni. Lakini katika stendi ya Geita sijaona bango linalomwambia msafiri kwamba Jumamosi kuna boti Kasenda, saa fulani, kwa bei fulani kwa kichwa. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yameweka fedha halali mikononi mwa maelfu ya watu wa ukanda huu, na migodi mikubwa ina wafanyakazi wenye mishahara. Fedha ipo, hamu inaweza kujengwa, na kisiwa kinaonekana kwa macho. Boti moja ya ratiba kila mwisho wa wiki ingebadilisha hesabu yote.

Wakati boti hiyo haijapatikana, wanawake wa mtaani kwetu wamepata njia yao. Mama aliporudi alisimulia kwenye kikoba chake, na mjadala ulichukua kikao kizima. Kwa kawaida wakivunja kikoba wananunua bati, mchele na mbuzi. Safari hii wameamua kutenga sehemu ndogo ya kila hisa kwa ajili ya boti, kwa hesabu kwamba wakiwa wengi gharama ile inayomuumiza mtu mmoja inakuwa sawa na nauli ya kwenda msibani. Wataenda mpunga ukishavunwa. Mabishano yaliyobaki ni kama wabebe sufuria zao au wapikiwe huko, na mama yangu, aliyekuwa akitafuta ufagio alfajiri, ndiye anayeshikilia kwamba hakuna mwanamke atakayepika.