Usisubiri chemba ifurike ndipo ujue choo kimejaa

Makambako. Nyumba niliyopanga mjini hapa ina familia nne na choo kimoja cha maji. Masika iliyopita, maji yalianza kuzama polepole. Kila mmoja akamlaumu mwenzake: watoto wametumbukiza makopo, akina dada wametupa pedi. Tukazibua kwa waya, wapi! Mvua ya usiku mmoja ndiyo iliyotujibu. Uchafu ulitoka kwenye chemba ukatapakaa uani, palepale watoto wanapochezea gololi.

Bomba halikuwa na shida. Shimo lilikuwa limejaa, na hakuna aliyewahi kulipima.

Mzazi, maji ya simtanki yakiisha bomba litakuambia. Shimo la choo lina dalili tu: maji kuzama polepole, choo kugugumia, harufu kuzidi, majani juu ya shimo kustawi kuliko mengine. Ukiziona, umeshachelewa.

Kupima si kazi ngumu. Tafuta mti mrefu ulionyooka, uufunge kitambaa cheupe upande wa chini. Ushushe taratibu hadi sakafu ya tangi, usubiri dakika chache, kisha uutoe. Alama nyeusi ndiyo kina cha tope. Likifika theluthi moja ya kina cha tangi, ita gari la kunyonya majitaka. Kwa choo cha shimo cha kawaida, uchafu ukibakiza nusu mita kufika juu, muda wa kunyonya au kuhamia shimo jingine umefika.

Vaa glavu na buti, watoto wawe mbali, na mti huo usifanye kazi nyingine. Andika tarehe na kipimo. Pima kila mwaka, kabla mvua hazijaanza Novemba.

Kwa wakazi wa Njombe, baridi nayo ina mchango wake. Bakteria wanaomeng'enya uchafu hufanya kazi polepole kwenye ubaridi, hivyo usipange ratiba yako kwa kumwiga ndugu aliyeko Dar es Salaam. Pampasi, pedi, matambara na mafuta ya kupikia havimeng'enywi kwa urahisi. Vinajaza shimo tu.

Jambo moja halina mjadala: mtu asiingie shimoni, hata kuokota simu. Humo kuna gesi, ikiwamo haidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Unaweza kudhani harufu imeisha, kumbe ndiyo unazidiwa. Anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka pia. Usichungulie kwa kiberiti. Gesi nyingine ya humo, methani, hulipuka. Na mfuniko uwe mzito, usio na ufa, ambao mtoto hawezi kuuinua.

Wapo wanaotapisha vyoo mvua inaponyesha. Uchafu huo hauendi mbali: huishia kwenye visima na mito tunayochota maji, ukarudi nyumbani kama kuhara, minyoo, homa ya matumbo au kipindupindu. Ukiona jirani anatapisha, mwambie ofisa afya wa kata au mwenyekiti wa mtaa.

Kwetu, familia nne tulichanga na mwenye nyumba akaongezea, gari likaja. Sasa mti wetu umesimama nyuma ya choo, na tarehe imeandikwa kwa chaki mlangoni. Kwako, mara ya mwisho shimo lilipimwa lini?