Homoni Iliyosaidia Panya Ikadhuru Wagonjwa

Je, umewahi kumuuguza jamaa aliyekatwa kipande cha utumbo? Huenda unakumbuka daktari akimuuliza kila asubuhi, "Hewa imetoka?" Wageni hucheka, lakini daktari hana mzaha. Anataka kujua iwapo utumbo umeanza kazi. Hofu yake kubwa ni mshono kuachia, kinyesi kimwagike tumboni.

Siku tatu nne za kwanza ndizo mbaya. Mwili huyeyusha kwanza nyuzi kuukuu za kolajeni, zile zinazoipa nyama uimara, kabla ya kufuma mpya. Kwa muda huo ncha mbili za utumbo hushikiliwa hasa na uzi wa daktari.

Mwaka wa 1990, watafiti wa Denmark walieleza walivyowadunga panya homoni ya ukuaji, ambayo kwa kawaida hutoka katika tezi iliyo chini ya ubongo. Utumbo mpana wa panya hao ulikuwa umekatwa na kushonwa. Mishono yao ilihimili nguvu zaidi kabla ya kupasuka kuliko ya wale ambao hawakudungwa.

Habari njema, sivyo? Ngoja kwanza. Mnamo 1999 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili ya Ulaya kuhusu homoni hiyo, yaliyohusisha wagonjwa mahututi 532, baadhi yao wakiwa wametoka kupasuliwa tumbo. Nchini Finland, 39 kati ya kila 100 waliopewa homoni walifariki hospitalini. Miongoni mwa waliopewa dawa bandia, walifariki 20. Panya wa maabara ni mnyama mzima aliyepasuliwa kwa mpango. Mgonjwa mahututi ana mengi yanayomsumbua kwa pamoja. Kwa hivyo usikubali kuuziwa sindano hiyo eti kidonda kipone haraka.

Lakini iko homoni nyingine ambayo pengine unayo nyumbani. Vidonge vya prednisoloni, vya pumu au baridi yabisi, hufanya kazi kama homoni ya kotisoli, na huchelewesha kidonda kupona. Ukiwa unavimeza na unakaribia kupasuliwa, mwambie daktari mapema. Usiviache ghafla kwa uamuzi wako, maana tezi zilizo juu ya figo huwa zimezoea kupumzika, na shinikizo la damu laweza kuporomoka ukiwa mezani. Mpelekee pakiti yenyewe aione.